Dukani, kwa mwalimu binafsi au kwenye video: pa kuanzia kujifunza ala ya muziki

Mtu akishaamua kwamba safari hii lazima ajue kupiga gitaa, au mtoto akishawachosha wazazi wake kwa kudai ngoma, swali linalofuata si la muziki tena. Ni la mahali. Kuna duka la vyombo vya muziki lenye vyumba vya mafunzo kwa nyuma. Kuna mwalimu binafsi, wa kumfuata kwake au wa kuja kwako. Kuna shule ya muziki yenye mihula na mtaala. Na kuna simu yako mwenyewe, ambamo walimu ni wengi hata huwezi kuwamaliza, wengine wamerekodiwa, wengine wanakusubiri mbele ya kamera.

Nitazilinganisha njia hizi nne, ila sitajifanya nimekaa katikati. Kwa anayeanza kabisa, hasa kwenye ala za nyuzi na za kupuliza, duka ni chaguo linalodharauliwa bila sababu. Kwa aliyekwisha kujifunza mwaka mmoja au miwili hesabu hubadilika, na mara nyingi duka hushindwa. Matatizo ya mwanzo mengi yamo kwenye chombo chenyewe na kwenye ratiba, na hayo duka linayaweza. Matatizo ya baadaye yamo kwenye sikio na kwenye mtindo wa upigaji, na hayo yanamtaka mtu mmoja anayekujua vizuri.

Duka linauza nini hasa

Mwalimu wa dukani mara nyingi si mwajiriwa wa mshahara. Ni mwanamuziki anayejitegemea, ambaye ama anakodi chumba, ama anagawana ada na mwenye duka. Duka linamletea wanafunzi, linapanga ratiba na kukusanya pesa, yeye anafundisha. Mwenye duka naye anajua kwamba anayejifunza atarudi kununua nyuzi, kitabu, na siku moja ala kubwa zaidi. Fikra hii si ngeni. Yamaha, kampuni ya Japani iliyoanza na vinanda mwaka 1887, ilifungua madarasa yake ya muziki jijini Tokyo mwaka 1954, na leo madarasa hayo yamesambaa katika nchi nyingi. Anayetaka kuuza piano anahitaji kwanza watu wanaojua kuzipiga.

Sioni ubaya katika hilo. Lakini mwanafunzi alijue mapema, kwa sababu linaeleza faida za duka na pia kasoro zake.

Faida ya kwanza haitajwi sana: dukani ni rahisi kubadilisha mwalimu. Ukimwajiri mwalimu anayekuja nyumbani, akazoeana na familia, akajua majina ya wadogo wa mwanafunzi, kumwambia basi inatosha ni jambo zito. Watu huvumilia miezi mingi ya masomo yasiyowafaa ili tu wasimvunje moyo. Dukani unamwambia anayeshughulikia ratiba kwamba ungependa kujaribu mwalimu wa siku nyingine, na jambo linaishia hapo. Vilevile mtoto aliyeanza fidla akagundua moyo wake uko kwenye ngoma anahamia chumba cha pili, wala hakuna aliyechukia.

Kasoro inatoka palepale. Mwalimu naye anaondoka kirahisi. Akipata kazi ya kupiga na bendi inayosafiri, au duka lingine likimpa mgawo mkubwa zaidi, utamkuta mwingine chumbani, naye anaanza kukuuliza umefika wapi. Kwa mwanafunzi wa miezi sita hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ambaye mwalimu wake alikuwa ameanza kuurekebisha mkono wake wa kulia hatua kwa hatua, ni hasara. Kabla ya kulipa, uliza mwalimu huyu amefundisha hapa kwa muda gani, na akipata udhuru nani anashika nafasi yake. Duka lililopangika lina jibu tayari.

Chombo kabla ya mwalimu

Hapa ndipo tofauti ya njia hizi nne inapoonekana waziwazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wengi wanaoacha gitaa katika miezi ya mwanzo huamini vidole vyao ni dhaifu. Mara nyingi vidole havina shida, ni gitaa. Kwenye gitaa la kawaida la nyuzi za chuma, uzi mnene kuliko yote huwa umeinuka takriban milimita 2 hadi 3 juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo). Ukiwa umeinuka zaidi ya 4, kubana kodi (chord) ya F, yaani noti kadhaa za kupigwa kwa pamoja, kunakuwa mateso, na hata anayejua kupiga atatoa jasho. Fundi anaweza kulirekebisha kwa kukaza au kulegeza chuma kilichomo ndani ya shingo na kukwangua kidogo kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi kwenye daraja la gitaa. Ni kazi ndogo. Lakini lazima kwanza awepo mtu wa kulishika gitaa lile na kusema, hili lina tatizo.

Dukani mtu huyo yupo. Mwalimu analipiga gitaa lako mara moja, anakunja uso, analipeleka kwa fundi aliye hatua chache kutoka chumbani. Mwalimu binafsi naye ataligundua tatizo, ila atakutuma kwa fundi, na wewe utakwenda siku ukipata nafasi. Shule ya muziki inategemea: zenye uwezo zina ala zao na fundi wa kuja kwa zamu, nyingine hazina. Video haigundui chochote. Mwalimu wa kwenye video anapiga gitaa lililorekebishwa vizuri, wewe unapambana na lako, na hitimisho unalofikia ni kwamba hukuzaliwa na kipaji.

Kwenye fidla mambo ni magumu zaidi, kwa sababu fidla inakua pamoja na mtoto. Kuna ukubwa wa 1/16, 1/10, 1/8, 1/4, 1/2, 3/4 hadi 4/4 ya mtu mzima, na kipimo kinatokana na urefu wa mkono, si umri. Mzazi akinunua kubwa ili mtoto "aikulie" anamfundisha kuinua bega na kukunja kifundo cha mkono vibaya, na tabia hiyo haitoki kirahisi. Ndiyo maana maduka mengi yanayouza fidla hukodisha pia: mtoto akirefuka anarudisha ndogo na kuchukua inayofuata. Baadhi ya maduka huhesabu sehemu ya kodi uliyokwisha kulipa kama malipo ya kununua. Ukiwa na mtoto wa miaka minane anayetaka fidla, sioni kwa nini uanzie kwingine.

Ala za kupuliza zina siri yao. Saksafoni yenye kifuniko kimoja kisichoziba sawasawa haitatoa noti za chini, hata apulize nani. Klarineti ni vilevile. Anayeanza hawezi kutofautisha ala inayovuja na mdomo usiojua kubana, na mwalimu wa mbali hawezi kumwambia kwa uhakika. Fundi anaingiza taa ndogo ndani ya bomba, anaona mwanga unapopenya, na kumaliza ubishi.

Piano ndiyo pekee ambayo duka halina ubora wa pekee. Mwanafunzi hasafiri na piano. Anapiga ya mwalimu na kufanya mazoezi kwenye yake. Jambo la kuangalia ni lile lililoko nyumbani. Piano kamili ina funguo 88, kibodi nyingi za bei nafuu zina 61, na funguo zake hazina uzito. Unaweza kuanza na 61 na ukaendelea kwa miezi kadhaa. Lakini vidole vilivyozoea funguo nyepesi vikikutana na piano halisi kwa mwalimu vinakwama, na mwanafunzi hurudi nyumbani akisema piano ya mwalimu ni mbovu.

Sasa upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Mwalimu aliyeketi ndani ya duka yuko karibu mno na rafu za kuuzia. Wengi ni waaminifu, na wengi hawapati hata senti ukinunua kitu. Wengine hupata. Mbinu yangu ya kupima ni swali moja: je, naweza kuendelea na hiki nilicho nacho kwa mwaka mwingine? Mwalimu anayekujali atakujibu kwa sababu: ndiyo, badilisha nyuzi tu, au hapana, kwa kuwa shingo imepinda na haitengenezeki. Anayejibu kwa kukuonyesha ala mpya kabla hajaigusa ya zamani amekwisha kukueleza anafanya kazi ya nani. Mwalimu binafsi ana nafuu hapa, kwani hana cha kukuuzia isipokuwa saa yake.

Anayekuona na asiyekuona

Video zina wapinzani wengi miongoni mwa walimu, na mimi si mmojawapo. Kwa kujifunza wimbo fulani, kwa kuona vidole vya mpigaji kwa karibu, kwa kupunguza kasi hadi nusu na kurudia sehemu moja mara hamsini bila mtu kuchoka nawe, hakuna mwalimu wa mwili na damu anayeshindana nazo. Aliyekwisha kupata msingi anaweza kuishi kwa video kwa muda mrefu na akaendelea vizuri.

Zinachoshindwa ni kukuona. Upinde wa fidla unashikwa kwa kidole gumba kilichopinda. Kikinyooka, mkono mzima unakakamaa, na wewe hujui, kwa sababu macho yako yako kwenye vidole vya mkono wa pili. Mpiga piano anayeinua mabega hajijui. Mpiga ngoma anayebana vijiti kwa nguvu atasikia maumivu ya kifundo baada ya miezi, si baada ya siku. Makosa ya mwili hayana sauti mwanzoni. Yanasikika yakishazoeleka, na kuyafuta wakati huo ni kazi kubwa kuliko ilivyokuwa kujifunza.

Masomo ya moja kwa moja kupitia intaneti yanakaa katikati. Mwalimu anakuona, angalau sehemu iliyo mbele ya kamera. Lakini hamwezi kupiga pamoja, na sababu yake ni ya kifizikia. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wapigaji wawili waliosimama mita 10 mmoja kutoka kwa mwingine husikiana baada ya karibu milisekunde 29 (sekunde moja ina milisekunde 1,000), na hapo tayari wanaanza kuvutana kwenye mdundo. Simu ya video mara nyingi huchelewa zaidi ya milisekunde 100, sawa na kupiga na mtu aliye mwisho wa ukumbi mrefu sana. Mwalimu hulazimika kukuacha upige peke yako, kisha akusahihishe. Tena programu za simu zimetengenezwa kwa ajili ya maneno: noti ndefu ya fidla zinaichukulia kuwa kelele na kuizima. Baadhi zina mahali pa kuondoa uchujaji huo, na mwalimu mzoefu wa mtandaoni atakuelekeza ukiondoe kabla hata ya somo la kwanza. Asipokuambia, shaka inaruhusiwa.

Njia hii naipendekeza kwa moyo mweupe kwa mtu mmoja: anayetaka ala au mtindo ambao hauna mwalimu karibu naye. Mpenzi wa udi anayeishi kwenye mji wa wapiga gitaa watupu atafaidika zaidi na mwalimu wa udi aliye mbali kuliko mpiga gitaa aliye karibu. Udi hauna freti, na noti zake nyingine hazimo kwenye gitaa kabisa. Mwalimu wa karibu asiyezisikia hatakusaidia.

Nusu saa ni kiasi gani

Masomo ya dukani kwa kawaida ni ya dakika 30, mara moja kwa wiki. Wiki ina dakika 10,080. Toa 30, na utaona mwalimu anamiliki kipande kidogo kiasi gani cha maendeleo yako.

Isitoshe, dakika 30 za dukani ni 30 za saa ya ukutani. Nyuma yako kuna mwanafunzi mwingine mlangoni. Kutoa ala kwenye mkoba, kuityuni (kuweka sauti zake sawa), kutafuta ukurasa, na dakika tano zimekwenda. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane nusu saa inatosha na pengine inazidi. Umakini wake utakuwa umekwisha kabla ya muda. Mtu mzima, ambaye ana maswali na anataka kuelewa kabla ya kupiga, huibiwa na nusu saa. Aombe dakika 45 au saa nzima. Kama bajeti haimruhusu, saa moja kila baada ya wiki mbili humfaa kuliko nusu saa kila wiki, kwa sharti kwamba ana nidhamu ya kupiga katikati. Duka nyingi hazipendi mpango huo kwa kuwa unavuruga ratiba. Mwalimu binafsi hana taabu nao. Tena mwalimu binafsi, somo likinoga, anaweza kuongeza dakika kumi bila kuzitaja. Dukani hawezi hata akitaka.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa fidla wa chuo kimoja cha muziki mjini Berlin. Waliopimwa kuwa bora zaidi walikuwa wamejilimbikizia saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao tangu utotoni. Utafiti huo umebishaniwa sana tangu hapo, hasa na wanaosema mazoezi pekee hayaelezi kila kitu. Kwa anayechagua mwalimu, somo lake la vitendo bado linafaa: thamani ya mwalimu ipimwe kwa kile unachokifanya asipokuwepo. Mwalimu anayekuacha uondoke bila kujua ufanye nini kesho amekuuzia nusu saa ya burudani. Angalia kama anaandika. Daftari lenye mistari mitatu, "mapigo manne ya mwisho wa ukurasa wa pili, polepole, metronomu 60" (yaani mapigo 60 kwa dakika), lina faida kuliko maneno matamu yote ya chumbani.

Kwa watoto liko jambo jingine. Mjapani Shinichi Suzuki, aliyezaliwa 1898 na kufariki 1998, alijenga mfumo wake wa kufundisha fidla juu ya wazo kwamba mtoto hujifunza muziki kama anavyojifunza lugha ya nyumbani, kwa kusikia na kuiga, na akataka mzazi awe ndani ya somo na kusimamia mazoezi ya nyumbani. Huhitaji kuufuata mfumo wake ili kuchukua wazo hilo. Muulize mwenye duka kama mzazi anaruhusiwa kuketi chumbani. Vyumba vingi vya dukani ni vidogo mno, au utaratibu ni mzazi asubiri nje. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita hiyo kwangu ni sababu tosha ya kutafuta mwalimu binafsi.

Malipo, na yale yasiyoandikwa kwa herufi kubwa

Ukilinganisha ada kwa somo moja, video ni rahisi kuliko zote, shule ya muziki kwa kawaida ni ghali kuliko zote, na duka na mwalimu binafsi hupishana kidogo, duka likiwa juu au chini kulingana na jina la mwalimu. Tofauti yenyewe imo kwenye masharti.

Duka hutoza kwa mwezi, na wiki ya tano ndiyo ya kuulizia: mwezi ukiwa na Jumanne tano, unalipa ileile, au somo la tano linahesabiwa? Uliza pia kuhusu somo ulilokosa. Maduka mengi hutaka taarifa ya saa 24, na bila hiyo somo limekwenda na pesa yake. Baadhi hayafidii hata kwa taarifa. Na mwalimu akikosa yeye? Hapo fidia inapaswa kuwepo bila ubishi. Kama haimo kwenye karatasi, iandikwe kabla hujatia saini.

Shule hutoza kwa muhula mzima na hairudishi kitu, kwa hiyo haifai kwa anayejaribu. Mwalimu binafsi hulipwa kwa somo au kwa mafungu, na mapatano ni ya mdomo. Hayo ni mazuri hadi siku mtakapotofautiana. Mwombe ujumbe mfupi wa maandishi wenye ada, muda na kanuni ya kukosa somo. Mwalimu wa kweli hataona umemdharau.

Vyeti na wenzako

Mtaka mitihani ana maswali yake. Mitihani ya ngazi inayotambuliwa katika nchi nyingi hutolewa na taasisi kama ABRSM ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1889, na Trinity College London, ambayo mitihani yake ilianza mwaka 1877. Zote zina ngazi nane za upigaji. Kwa ABRSM, huwezi kufanya mtihani wa kupiga wa ngazi ya 6 hadi 8 bila kwanza kufaulu nadharia ya ngazi ya 5 au mtihani mwingine wanaoukubali badala yake. Walimu wengi wa dukani hufikisha wanafunzi ngazi ya tatu au ya nne kwa furaha, kisha nadharia inawashinda kuipangia muda ndani ya ile nusu saa. Shule ya muziki ina darasa la nadharia tayari. Kama lengo ni kusomea muziki chuoni, anzia shule au uihamie mapema. Kama lengo ni kupiga nyimbo unazozipenda, mitihani haikuhusu, na mwalimu anayekusukumia humo anakuharibia ratiba.

Kuhusu kupiga pamoja na wengine sitasema mengi, kwa sababu ni wazi: shule inashinda. Venezuela ilipoanzisha mpango uliokuja kujulikana kama El Sistema mwaka 1975, chini ya José Antonio Abreu, msingi wake ulikuwa okestra. Mtoto anaingia kwenye kundi tangu mapema, asisubiri awe hodari kwanza. Anayepiga peke yake hujipa mapumziko kila anapokosea. Kundi halimsubiri, na hapo ndipo mdundo unapoingia mwilini. Maduka mengine huandaa onyesho la wanafunzi mara moja au mbili kwa mwaka, na machache huunda bendi za wanafunzi wa vyumba tofauti. Ukilipata duka lenye bendi kama hiyo, liongezee alama nyingi. Video hapa ina sifuri, na mwalimu binafsi karibu sifuri, labda awe mtu wa kuwakutanisha wanafunzi wake.

Somo la majaribio

Duka nyingi hutoa somo la kwanza bure au kwa ada ndogo. Lichukue hata kama umekwisha kuamua. Simama kwanza nje ya chumba dakika chache: kama ngoma za chumba cha pili zinasikika kuliko fidla ya chumba chako, hutasikia noti zako mwenyewe mwaka mzima. Ndani, angalia nani anapiga zaidi. Mwalimu akitumia somo lako kuonyesha ufundi wake, umehudhuria tamasha dogo. Aulize unapenda muziki gani. Ala yako ikiwa haijakaa sawa, asiityuni yeye kimyakimya. Akuonyeshe namna ya kuityuni, kwa kuwa nyumbani hayupo. Na mwishoni ujue kitu kimoja cha kufanya kesho asubuhi. Mengine, kama cheti cha ukutani, jina la bendi aliyowahi kupigia, ukarimu wa mapokezi, yana uzito mdogo kuliko yanavyoonekana.

Basi nani aende wapi

Mtoto wa miaka saba hadi kumi na mbili anayeanza ala ya nyuzi au ya kupuliza: duka, kwa ala ya kukodi, mwaka wa kwanza. Mdogo zaidi ya hapo: mwalimu binafsi anayemkubali mzazi ndani. Piano kwa umri wowote: mwalimu binafsi mwenye piano halisi kwake, na wala usimlete nyumbani kama wewe una kibodi tu. Ngoma: duka, kwa sababu seti ipo pale na kelele si zako, ingawa nyumbani utahitaji walau kibao cha mpira cha kufanyia mazoezi. Mtu mzima mwenye ratiba isiyotabirika: mwalimu binafsi wa saa moja kila wiki mbili, na video katikati. Kijana mwenye nia ya chuo: shule, bila kuzungukazunguka.

Anayetaka gitaa la kuimbia na rafiki, hana haja ya cheti, na bajeti yake ni finyu, achukue miezi mitatu ya dukani ili gitaa lirekebishwe, mikono iwekwe mahali pake na ajue kutyuni kwa sikio. Kisha aendelee na video, na arudi kwa mwalimu yuleyule kwa somo moja kila baada ya miezi miwili kukaguliwa. Walimu wengi wa dukani hukubali mpango huo ukiwauliza wao moja kwa moja. Ukimuuliza wa mapokezi, atakupa fomu ya mwezi.

Aliyekwisha kukaa dukani miaka miwili na sasa anahisi amekwama asiamini haraka kwamba tatizo ni mwalimu. Amwombe kwanza mambo mawili: muda urefushwe hadi saa nzima, na apewe kipande kimoja kigumu cha kufanyia kazi miezi mitatu badala ya wimbo mpya kila wiki. Mwalimu akikubali na mambo yakaanza kusogea, hakuna sababu ya kuhama. Akijibu kwamba ratiba hairuhusu, amwombe huyohuyo ampendekezee mwalimu wa hatua inayofuata. Wanamuziki wanajuana, na mwalimu wa dukani anayekujua miaka miwili anajua nani atakufaa kuliko tangazo lolote.